Mvua ya miaka 100 na mradi wa mwaka wa tatu: jibu kwa mwanafunzi wa hisabati na kompyuta

Swali: "Shikamoo Mwalimu. Ninasoma mwaka wa tatu, shahada ya kwanza ya hisabati na kompyuta, hapa Dar es Salaam. Kwa mradi wa mwisho nimependekeza mada ya kutabiri mafuriko ya Bonde la Msimbazi kwa kutumia akili mnemba. Msimamizi wangu, ambaye ni mtu wa hisabati, amesema mada ni pana mno na data sitaipata. Mimi sitaki kuachana na mazingira na kurudi kwenye nadharia tupu. Kompyuta yangu ni ya kawaida, na nina mihula miwili. Nifanyeje?"

Marahaba, na pole na masomo. Kuhusu upana wa mada, msimamizi wako yuko sahihi kabisa. Kuhusu data, yuko sahihi nusu: data ya kutabiri mafuriko hutaipata, lakini data ya kufanyia utafiti mzuri wa mvua inayoleta mafuriko hayo ipo, nyingine ya bure, na kompyuta yako inaiweza. Kwa hiyo sikushauri ubadilishe eneo la utafiti wala uache somo lolote kati ya hayo matatu, yaani hisabati, kompyuta na mazingira. Nakushauri ubadilishe swali.

Tazama kwanza kwa nini mada uliyoiandika haibebeki. Mto Msimbazi huanzia kwenye vilima vya Pugu, Kisarawe, ukapita katikati ya makazi yenye msongamano kama Vingunguti na Kigogo, ukafika Jangwani, kisha ukaingia baharini karibu na daraja la Salender. Maji yanapofurika Jangwani, mvua ni sababu moja tu kati ya kadhaa. Uko mchanga na matope yaliyojaza mkondo wa mto, ziko taka zilizoziba mifereji, ziko paa na lami zilizochukua nafasi ya udongo uliokuwa ukinyonya maji, na iko bahari yenyewe, kwa sababu mvua kubwa ikikutana na bamvua, yaani maji ya bahari yanapojaa sana, maji ya mto hukosa pa kwenda kwa saa kadhaa. Ili kompyuta ijifunze kutabiri mafuriko, inahitaji kumbukumbu za miaka mingi za kina cha maji mtoni, tena kwa kila saa, pamoja na tarehe na mahali hasa palipofurika. Kumbukumbu za namna hiyo hazipatikani kwa mwanafunzi mwenye mihula miwili, na hata zingepatikana, kuzisafisha peke yake ni kazi ya shahada ya uzamili.

Badala yake, chukua sehemu moja ya mnyororo huo, yaani mvua, na uulize jambo ambalo jibu lake ni namba. Mimi ningeuliza hivi: mvua ya siku moja ambayo kwa wastani Dar es Salaam huipata mara moja katika miaka 10, na ile ya mara moja katika miaka 100, ni milimita ngapi, na jibu hilo hubadilika kwa kiasi gani mtu anapotumia data ya setilaiti badala ya data ya kipimamvua? Swali linaonekana dogo. Lakini wahandisi wa madaraja na mifereji hutegemea namba za aina hiyo, na humo masomo yako yote matatu yanahitajika bila kulazimishwa: hisabati kwa sababu unakadiria tukio ambalo huenda halijawahi kutokea ndani ya kumbukumbu zako, kompyuta kwa sababu unashughulika na maelfu ya siku na majaribio ya kurudiarudia, na sayansi ya mazingira kwa sababu bila kuelewa mvua ya pwani hutajua ni lini namba zako zinakudanganya.

Tuanze na data. Chuo Kikuu cha California, tawi la Santa Barbara, hutoa hifadhi ya mvua iitwayo CHIRPS, ambayo huchanganya picha za setilaiti na vipimo vya vituo vya ardhini. Inaanzia mwaka 1981, na kila kisanduku chake kina upana wa nyuzi 0.05 za latitudo na longitudo, yaani kati ya kilomita tano na sita. Usipakue faili za dunia nzima, utamaliza bando na diski. Tumia huduma kama Google Earth Engine, chagua kisanduku cha eneo unalolitaka, utoe safu mbili tu: tarehe na milimita. Tangu 1981 hadi 2023 ni miaka 43, na hiyo ni chini ya mistari 16,000, kiasi ambacho kompyuta mpakato yoyote hukisoma kwa kufumba na kufumbua. Kwa upande wa vipimamvua, andika barua kwa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania ukiomba mvua ya kila siku ya kituo cha Uwanja wa Ndege wa Julius Nyerere, ukiambatisha barua ya utambulisho kutoka chuoni. Iandike mwanzoni mwa muhula wa kwanza, kwa sababu barua huchukua muda wake, na panga kazi yako ili sehemu ya setilaiti iweze kusimama peke yake hata majibu yakichelewa.

Data hizo mbili hazitakubaliana, na hapo ndipo utafiti wako unapoanza. Wanafunzi wengi wakiona tofauti huchukua data moja na kuiita sahihi, kisha nyingine wakaiita mbovu. Ukweli ni kwamba zinapima vitu viwili. Kipimamvua ni chombo chenye mdomo mdogo kinachonasa mvua ya pale pale kilipo, ilhali kisanduku cha CHIRPS ni wastani wa eneo la kilomita za mraba zipatazo 30. Mvua kubwa ya pwani mara nyingi hunyesha kwa ukali mahali padogo. Ukonga panalowa na Mbezi pakabaki pakavu. Wastani wa eneo hupunguza vilele hivyo vya mvua, na vilele ndivyo unavyovitafuta. Isitoshe, setilaiti za aina hii hukadiria mvua kwa kuangalia muda ambao vilele vya mawingu vimekuwa baridi sana, ilhali pwani hupata pia mvua ya mawingu yasiyopanda juu sana, ambayo vilele vyake si baridi kiasi hicho. Na jambo la tatu ambalo wengi hawalisomi kwenye maelezo ya data: CHIRPS hujengwa kwanza kwa vipindi vya siku tano, kisha ndipo hugawanywa kwa siku. Kwa hiyo jumla ya siku tano huaminika zaidi kuliko siku moja moja, nawe unaweza kuongeza swali la ziada lenye thamani: je, data hizi mbili hukaribiana zaidi ukipima mvua ya siku tano mfululizo?

Kuna mtego mwingine ambao nitaueleza kwa kirefu kidogo, kwa sababu umeharibu kazi nyingi zilizokuwa nzuri. Kipimamvua husomwa saa 3 asubuhi, na maji yanayokutwa humo ni ya saa 24 zilizotangulia. Data ya setilaiti kwa kawaida hukatwa kwa siku ya saa za Greenwich, ambayo kwetu huanza saa 9 usiku. Mvua iliyonyesha saa 2 usiku tarehe 9 itakuwa ya tarehe 9 kwa setilaiti, lakini katika daftari la kituo huenda imeandikwa tarehe 10, siku iliyosomwa. Ukilinganisha safu mbili bila kulijua hilo, utapata uwiano dhaifu, yaani safu hizo zitaonekana hazipandi na kushuka pamoja, na utaandika kurasa nzima za kuilaumu setilaiti. Dawa yake ni rahisi: sogeza safu moja mbele kwa siku moja, kisha nyuma kwa siku moja, upige hesabu ya uwiano kila mara. Uwiano ukipanda ghafla upande mmoja, umeshajua tatizo liko wapi, na jedwali la majaribio hayo matatu liingize kwenye ripoti, kwa sababu mtahini atakayeliona atajua umeigusa data kwa mikono yako.

Yapo na mengine madogo. Siku isiyo na kipimo haifanani na siku isiyo na mvua. Faili nyingi huweka alama kama -9999 pale ambapo kipimo hakipo, na ukisahau kuziondoa wastani wako unaweza kuwa hasi. Programu ya majedwali inaweza kugeuza 03/04 kuwa tarehe 3 Aprili au 4 Machi kutegemea mpangilio wa kompyuta, na kwa kuwa miezi hiyo yote ni ya masika, hakuna kitakachokushtua. Andika tarehe kwa kuanza na mwaka. Hifadhi faili la asili usiliguse kamwe, na kila marekebisho yafanywe na programu uliyoiandika, si kwa mkono, ili mtu mwingine akiendesha programu hiyo apate namba zile zile.

Sasa hisabati. Kutoka kila mwaka chukua siku moja tu, ile yenye mvua kubwa kuliko zote; mvua ya siku hiyo ndiyo kilele cha mwaka. Lakini mwaka wako uanzie wapi? Ukiuanza Januari unaukata msimu wa vuli, ambao hushika Oktoba hadi Desemba na pengine huvuka hadi Januari. Dhoruba moja iliyoanza tarehe 31 Desemba ikaisha tarehe 1 inaweza kukupa vilele viwili vya miaka miwili tofauti. Anza mwaka wako Julai, wakati wa kiangazi. Fikiria pia kutenganisha vilele vya masika na vya vuli, kwa sababu mvua za vuli hufuata sana mwenendo wa El Niño na joto la Bahari ya Hindi, kama ilivyoonekana mwaka 1997, 2019 na 2023, wakati masika hayafungamani nayo kwa kiasi hicho.

Vilele hivyo vya kila mwaka ndivyo utakavyovilinganisha na mgawanyo wa Gumbel, fomula inayoeleza vilele vya namna hiyo hutawanyika vipi. Emil Gumbel alikuwa mtakwimu Mjerumani aliyeondolewa Chuo Kikuu cha Heidelberg mwaka 1932 kwa sababu ya misimamo yake ya kisiasa, na kitabu chake kuhusu takwimu za matukio yaliyokithiri kilitoka mwaka 1958. Mtahini akikuuliza jina hilo limetoka wapi, utakuwa na la kusema. Njia rahisi ya kuanzia huhitaji vitu viwili tu, wastani wa vilele na mkengeuko wastani wake, yaani kiasi ambacho vilele hutawanyika kuuzunguka wastani huo. Tuseme, kwa mfano wa kubuni ambao si wa Dar es Salaam, una vilele 40 vyenye wastani wa milimita 80 na mkengeuko wastani wa milimita 25. Zidisha 25 kwa 0.78 (namba hii, pamoja na 0.577, 2.25 na 4.60 hapa chini, hutoka kwenye fomula ya Gumbel yenyewe) upate 19.5, ambayo ni kipimo cha utawanyiko. Toa 0.577 mara 19.5 kutoka 80 upate 68.7, ambayo ni kipimo cha mahali. Mvua ya mara moja katika miaka 10 ni 68.7 kuongeza 2.25 mara 19.5, yaani kama milimita 113. Kwa miaka 100, kizidishio 2.25 huwa 4.60, na jibu ni kama milimita 158.

Ukiishia hapo umefanya zoezi la darasani. Utafiti ni kuuliza namba hiyo 158 inaaminika kiasi gani. Kwa vilele 40, kosa sanifu la makadirio hayo, yaani kiasi ambacho kwa kawaida yanaweza kuyumba, ni kama milimita 15.5, kwa hiyo mipaka ambayo kiwango halisi kinatarajiwa kuwemo kwa uhakika wa asilimia 95 ni kati ya milimita 128 na 189 hivi. Ungekuwa na vilele 10 tu, mipaka ingekuwa kati ya 97 na 219. Ukiichora hali hiyo kwenye grafu moja, mhimili wa chini ukiwa idadi ya miaka ya data na mhimili wa juu ukiwa milimita, utakuwa umeonyesha jambo ambalo fomula peke yake haimwonyeshi msomaji: kwamba anayetaja mvua ya miaka 100 kwa data ya miaka 10 anabahatisha. Mipaka hiyo unaweza kuipata kwa fomula, na unaweza pia kuipata kwa kompyuta: iamuru ichote vilele 40 vya kubuni kutoka mgawanyo uliokadiria, ikadirie upya, na irudie hivyo mara 10,000, kisha utazame majibu yametawanyika vipi. Zikikubaliana njia hizo mbili, msimamizi wako wa hisabati atafurahi. Zisipokubaliana atafurahi zaidi, kwa sababu hapo mna la kujadili.

Muda ukiruhusu, linganisha Gumbel na mgawanyo wa jumla wa vilele, ambao una kipimo cha tatu kinachoamua mkia wa grafu unene kiasi gani. Pia pima kama vilele vinapanda au kushuka kadiri miaka inavyokwenda, kwa jaribio la Mann-Kendall, maana hesabu zote za hapo juu hudhani kwamba mvua ya 1985 na ya 2020 zimetoka kwenye hali moja ya hewa. Zaidi ya hapo usiende.

Nije kwenye akili mnemba, ambayo najua ndiyo iliyokuvutia. Sikatai matumizi yake, nakataa mahali ulipotaka kuitumia. Vilele 40 havitoshi kuufundisha mtandao wa neva, yaani akili mnemba inayojifunza kwa mifano, chochote. Mtandao huo utakariri namba hizo na kukupa majibu yanayopendeza kwa data ile ile tu. Ukitumia siku zote 16,000 badala ya vilele, unaingia kwenye mtego wa pili: kama siku 340 kati ya 365 hazina mvua kubwa, programu inayosema "leo hakuna mvua kubwa" kila siku ya Mungu itakuwa sahihi kwa asilimia 93, na haitakuwa imeokoa mtu hata mmoja. Nimesoma ripoti zilizoandika asilimia kama hizo kwa herufi nzito kwenye ukurasa wa kwanza. Na anayegawanya siku kiholela kati ya za kufundishia na za kupimia huwa ameshavujisha majibu, kwa sababu jana na leo hufanana. Fundisha kwa miaka ya nyuma, pima kwa miaka ya mbele. Kama utaitumia akili mnemba kukusaidia kuandika programu, sawa, lakini ipime programu hiyo kwa data ya kubuni ambayo jibu lake unalijua tayari. Ichote data kutoka Gumbel yenye vipimo 68.7 na 19.5, na kama programu haikurudishii namba zinazokaribia hizo, usiiamini kwa mvua ya kweli.

Utaona sijakuambia utengeneze mfumo wa kwenye simu wala dashibodi. Ripoti nyingi za mwaka wa tatu zina kurasa nzuri za picha za skrini na kurasa mbili za matokeo. Kama chuo chako kinadai mfumo, tengeneza ukurasa mmoja unaochora grafu yako, basi.

Usidhani pia kwamba kazi ya mwanafunzi wa shahada ya kwanza haina uzito nje ya chuo. Kuanzia mwaka 2015, katika mradi wa Ramani Huria, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wa Chuo Kikuu Ardhi walizunguka kata zinazokumbwa na mafuriko pamoja na wakazi wake, wakaweka nyumba, mifereji na vijito kwenye ramani huria ya OpenStreetMap. Ramani hizo hupatikana bure hadi leo, na unaweza kuzitumia katika sura ya utangulizi kuonyesha ni wapi mvua unayoihesabu huishia. Kwa sababu hiyo hiyo, tafuta mshauri wa pili kutoka idara ya jiografia, uhandisi wa maji au mazingira. Usimwombe awe msimamizi, mwombe tu asome sura yako ya data na akuambie pale ambapo umeielewa mvua vibaya. Ukiamua kuongea na wakazi, pata kibali cha chuo, pita kwanza ofisi ya serikali ya mtaa, na usiandike jina la mtu wala usipige picha ya nyumba yake. Watu wa bonde hilo wamepitia mafuriko ya Desemba 2011 yaliyoua makumi ya watu, kisha wakapitia mijadala mirefu ya kuhamishwa. Mgeni mwenye daftari huwatia wasiwasi, na wana sababu.

Matokeo yakipatikana, waandikie wakazi hao ukurasa mmoja wa Kiswahili cha kawaida. Ueleze kwamba mvua ya miaka 100 haimaanishi kwamba ikishanyesha mwaka huu watu wapumzike hadi karne ijayo. Kila mwaka uwezekano wake ni mmoja kwa mia, na kwa mtu atakayeishi mahali hapo miaka 30, uwezekano wa kuiona walau mara moja ni kama asilimia 26. Kwa mvua ya miaka 25, ndani ya miaka 25, ni kama asilimia 64. Namba hizo hazitegemei data yako hata kidogo, unaweza kuzithibitisha kwa kikokotoo cha simu.

Kwa msimamizi wako peleka ukurasa mmoja pia: swali jipya, data mbili, na grafu ya siku yenye mvua kubwa kuliko zote kwa kila mwaka tangu 1981, mwaka ukianzia Julai. Grafu hiyo inahitaji CHIRPS peke yake, kwa hiyo unaweza kuichora wiki hii, wakati barua yako ya vipimamvua bado iko njiani.